Wiki ya Taka Kulala

Kwa Mama Fagio, taka hazikulala. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuwa na "lakini". Jua likianza kushuka, maganda, makaratasi, mifuko ya plastiki na ndala zilizokatika vilisombwa hadi kwenye shimo nyuma ya bafu, kiberiti kikapigwa, na ua ukabaki na mistari ya ufagio kama kichwa kilichochanwa. Mpangaji aliyetaka kulaza taka alitakiwa akalale nazo kwingine.

Wala sheria haikuishia uani kwake. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi, na mtaa mzima aliuendesha hivyo hivyo. Nyumba iliyokutwa na taka asubuhi ilipewa adhabu ya kuzibua mtaro kwa koleo, mchana kweupe, watu wakitazama. Walinung'unika, lakini walitii. Asinyimwe haki yake: hakumwagiza mtu jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi, na viongozi wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi.

Chuo cha jamii kilipotangaza kozi ya jioni ya utangulizi wa sayansi ya mazingira, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiandikisha. Hakwenda kujifunza. Alikwenda kupata muhuri juu ya yale aliyokwisha kuyajua.

"Mama, na wewe tena?" Kinyozi, mpangaji wake wa chumba cha pembeni, alimkuta mlangoni mwa darasa. Naye alikuwa amejiandikisha. "Utafundishwa au utamfundisha mwalimu?"

"Tutaona nani atamaliza chaki," akajibu, akaenda kuketi mstari wa mbele.

Mwalimu alikuwa binti mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale. Siku hiyo alimgawia kila mwanafunzi kadi nyeupe. Waipake mafuta ya mgando, waitundike nje, nyumbani au kazini, kwa wiki nzima. Chochote kilichomo hewani kingenasa pale. Wakirudi, kadi zingepangwa ubaoni, kuanzia nyeupe kuliko zote hadi chafu kuliko zote.

"Mimi nimeshashindwa," alisema Kinyozi njiani. "Kibanda changu kiko barabarani, malori yanapita, na ndani nywele za watu wote. Kadi yangu itaota ndevu."

"Yangu utaweza kuiandikia barua ya posa."

Aliibana kwenye kamba ya nguo, akaiacha. Wiki ile aliwasha moto wake kila jioni kama kawaida, na kadi hakuitazama hata mara moja. Mtu hachungulii anachokiamini.

Siku ya kuitoa, aliikuta nyeusi kama kitako cha sufuria. Alipoigusa, masizi yalimganda kidoleni.

Mshonaji, shoga yake tangu ujanani na katibu wa kamati, alikuwa amekuja na gauni la kujaribu. Aliitazama kadi, akashika kiuno.

"Huyu ni hasidi, shoga yangu. Kuna mtu amekupakia."

"Nani aingie uani kwangu nisimjue?"

"Basi unayo kadi nyingine? Ipake mafuta, ibane hapo mpaka saa ya darasa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Si utanyamaza?"

"Na Mungu?"

"Mungu ana kazi nyingi, hakagui kadi."

Mama Fagio hakucheka. Chumba cha pembeni mtoto wa Kinyozi alikuwa akikohoa, kikohozi kile kile kikavu cha kila jioni. Kwa miezi mingi alikuwa akimwambia mke wa Kinyozi kwamba kifua cha mtoto kinabanwa na nywele anazorudi nazo mumewe nguoni. Na kila moto ulipowashwa, mke yule alifunga dirisha, naye Mama Fagio akayaita maringo. Sasa alitazama shimo, akatazama kamba ya nguo, akatazama dirisha. Vyote vilikuwa kwenye mstari mmoja, upande ule ule upepo unakoelekea. Kipofu angeuona.

Kama kadi ile ilisema kweli, basi sheria yake ilikuwa mbaya, na waliozibua mtaro walionewa. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwake, si karatasi.

Aliichukua vile vile ilivyo.

Ubaoni, ya Kinyozi ilikuwa ya kijivu. Ya Mama Fagio iliwekwa mwisho kabisa. Kinyozi alifungua mdomo acheke, akauona uso wa mwenye nyumba wake, akaufunga.

"Mwalimu, huu weusi unatoka wapi?"

"Wewe unadhani unatoka wapi, mama?"

"Ninachoma taka."

"Usiniamini mimi. Tundika nyingine, na wiki hii usichome."

"Yaani taka zilale?"

"Zilale, mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akachukua kadi nyingine.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Taka zililala kwenye magunia ukutani, na nzi wakajialika. Wanawake waliowahi kushika koleo la mtaro walipita mbele ya lango kwa mwendo wa bibi harusi.

"Mwenyekiti, kumbe kwako zinalala? Zimeota ndoto gani leo?"

"Zimekuota wewe," alijibu, lakini sauti haikuwa na makali yake.

Kadi ya pili ilitoka na vumbi jepesi la kahawia, basi. Alikwenda nayo moja kwa moja chumba cha pembeni.

"Mwanangu," alimwambia mke wa Kinyozi, "nilikusema vibaya. Moshi ulikuwa wangu."

"Tulijua, mama."

"Mlijua? Mbona hamkuniambia?"

Yule mwanamke alimpakata mtoto vizuri kabla ya kujibu. "Tungehamia wapi?"

Neno hilo lilimwingia kuliko kadi zote mbili. Alikuwa amejidhania anaheshimiwa. Kumbe alikuwa anaogopwa, na mtu anayeogopwa haambiwi kweli hata ikimpitia puani.

Akaitisha kikao cha kamati. Mshonaji alimkimbilia kabla watu hawajaketi.

"Usijivue nguo mbele za watu. Sema tunajaribu utaratibu mpya, yaishe."

"Sitaki yaishe. Nataka yajulikane."

Alisimama na kadi zake mbili, akaeleza bila kuzunguka. Moto ukome. Maganda yafukiwe yawe mboji, plastiki ziwekwe kwenye magunia hadi mkokoteni wa taka upite. Kisha akasema kwamba alikuwa amekosea, na amewaadhibu watu kwa kosa ambalo halikuwa kosa.

Muuza maji, mama wa nyumba ya mwisho, akanyanyuka.

"Mimi nilizibua mtaro nikiwa na mimba, kwa sababu niligoma kuchoma. Leo ndiyo unaniambia nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa."

"Na mgongo wangu?"

"Siwezi kukurudishia. Nipeni koleo, nizibue mimi."

Walimpa. Alizibua mtaro wote mwenyewe, mchana kweupe, watu wakitazama, na hakuna aliyemwonea huruma, wala yeye hakuiomba. Wangapi wetu tunapenda kutubu chumbani kwa makosa tuliyoyafanya barabarani? Yeye alilitubia lake pale pale alipolifanyia.

Lakini mtaa haukumsamehe. Wengine walichukia kwa kuadhibiwa bure. Wengine, walio wengi, walichukia kuambiwa wabadili desturi iliyokwisha kuwakaa mikononi. Kikao kilichofuata walimwondoa, wakamweka Mshonaji, aliyeahidi kwamba mioto itaendelea. Imeendelea, isipokuwa katika nyua chache, na ya Muuza maji ni mojawapo.

Kozi aliimaliza, mstari ule ule wa mbele, akimchosha mwalimu kwa maswali.

Kusema kweli kulimgharimu uenyekiti, na kulimgharimu urafiki wa Mshonaji, ambaye tangu siku ya kikao kile hajakanyaga kwake wala hamsalimii. Hajarudishiwa hata kimoja.