Mlango Haubembei

Giza lilikuwa limeingia na Mama Nusu alikuwa bado hajawasha taa. Alikaa nyuma ya cherehani yake, mguu juu ya pedeli bila kuikanyaga, masikio yote yako mlangoni. Binti yake alitoka alfajiri kwenda kazini kwenye uwanja wa gofu, na leo ndiyo siku ambayo mwalimu wa pale alikuwa anachagua msaidizi mmoja miongoni mwa wafanyakazi. Mvua ilinyesha mchana, ikaacha. Simu ya binti haikupatikana.

Aliposikia vicheko vya wafanyakazi wenzake binti barabarani na viatu vikinyonya matope, alikimbilia dirishani.

"Wanangu! Nusu yuko wapi?"

"Tumemwacha na Mwalimu, mama! Katufukuza sisi wote, kabaki na Nusu na yule wa mashine ya nyasi. Wamejifungia stoo."

"Kuna nini huko stoo?"

"Tungejua si tungekuwa ndani, mama!"

Wakacheka, wakapita. Mama Nusu akarudi kwenye kiti chake na kuwaza neno hilo, stoo. Mtu huitwa stoo kukabidhiwa kitu, na huitwa stoo kurudisha kitu.

Jina la Nusu halimo kwenye cheti chochote. Alilitoa mjomba mtu, kaka mkubwa wa Mama Nusu, siku alipokuja kuwatembelea akakuta blauzi imening'inia ukutani haina mikono. Ilikuwa kazi ya binti kutoka kozi ya ushonaji, kozi aliyoiacha walipofika kwenye mikono. Kabla ya hapo alijifunza kusuka nywele. Alimsuka mteja upande mmoja, akasema anakwenda kunywa maji, hakurudi. Mama mtu ndiye aliyeketi kumalizia kichwa cha watu, huku mteja akisaga meno. Mjomba aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akapaliwa. "Hata uji huyu anabakiza nusu bakuli," alisema. "Muiteni Nusu, mambo yaishe."

Jina likanasa kama gundi, likamnasa na mama. Wateja wapya walipoambiwa wampelekee kitambaa Mama Nusu, waliuliza kama na suruali anashona mguu mmoja. Yeye alicheka nao. Akibaki peke yake hakucheka. Hakuona uvivu kwa mtoto wake. Aliona mtu anayefika mahali fulani katikati ya jambo, akasimama kama aliyesahau alichokuwa anafuata.

Safari hii Mjomba alikuwa ameweka neno. "Dada, nimekaa kimya vya kutosha. Akiacha hiki, au akiachwa, anakuja kwangu kuhesabu magunia ghalani. Kule hakuna nusu gunia." Kwake Mjomba kulikuwa mbali, safari ya mchana kutwa. Mama Nusu aliitikia. Ndiyo sababu usiku huu kila kishindo barabarani kilimkata maini.

Kule uwanjani binti aliajiriwa kuosha mipira na kufua taulo. Kufundisha wageni ilikuwa kazi ya mwalimu mmoja waliyemwita Kofia, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona kichwa wazi. Walisema hata kinyozi humnyoa kwa kukisia. Siku moja Kofia alimkuta Nusu nyuma ya stoo akiiga wachezaji kwa mpini wa fagio. Hakumkemea. Alimpa fimbo kuukuu akamwambia, "Kama unataka kujifunza, jifunze. Lakini mwanzoni usiuwaze mpira. Uwaze mwili."

"Gofu?" Mama Nusu aliuliza jioni ile. "Ule mchezo wa wenye magari?"

"Mpira haujui nani kaja na gari, mama."

Basi nyumba ikageuka kuwa uwanja. Kila jioni Nusu alirudi na agizo jipya, na kila agizo lilihitaji kitu cha ndani. Mwalimu ana vijiti vya rangi vya kulaza chini ili mwanafunzi ajue miguu inaelekea wapi. Wao wakalaza bomba mbili za pazia uani, sambamba kama reli, moja mbele ya vidole vya miguu, ya pili ikielekea unakokwenda mpira. Mwalimu ana kioo cha kutazamia mkao. Wao wakafungua kabati, kioo cha mlango kikawaonyesha mgongo uliopinda kama wa bibi anayetafuta sindano. Nusu alibana taulo kwa makwapa yote mawili, likipita kifuani, ili mikono isitengane na mwili. Likianguka, kosa. Kwenye mpini wa fimbo Mama Nusu aliweka alama kwa chaki yake ya ushonaji, mahali pa kidole gumba cha kushoto na mahali pa kulia, na kila baada ya muda alimwambia binti afungue viganja aone kama chaki imeingia panapotakiwa.

Alipenda kuvitazama viganja hivyo. Viganja vilivyoshindwa kumaliza mkono wa blauzi, leo vimetulia juu ya mpini kama vimelala.

Kisha likaja agizo la mfuko wa kupiga. Kazi yake ni kumzoesha mtu mikono itangulie na kichwa cha fimbo kifuate. Mama Nusu alikata turubai, akashona mishono miwili miwili, akashindilia matambara mpaka mfuko ukawa na tumbo. Sauti yake ilikuwa pu, nzito, inapenya ukuta. Tatizo la Nusu lilikuwa nguvu. Alitaka kuumaliza mfuko kwa pigo moja. Na Kofia alikuwa na usemi wake, ambao binti alimpa mama ili amkumbushe: usipige, bembea.

Sasa fikiria jirani, yule waliyemwita Mama Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Yuko jikoni kwake anamenya vitunguu. Upande wa pili wa ukuta anasikia pu! Halafu sauti ya Mama Nusu: "Usipige! Nimesema usipige!" Pu! "Taratibu, mwanangu, usipige!" Pu!

Mama Redio aliingia uani na mwiko mkononi na machozi ya vitunguu mashavuni. "Jamani, mtaua mtu! Nusu, mama yako huyo! Una mama mwingine wapi?"

Akakuta mama mtu amekaa kwenye ndoo anakula karanga, na binti amebana taulo kwapani, anahema mbele ya mfuko.

"Nani anapigwa hapa?" aliuliza.

"Matambara," Nusu alijibu.

Mama Redio aliutazama mfuko, akautazama mwiko wake, akakaa chini. "Basi na mimi nileteeni karanga. Nimekuja kwa vita, siwezi kurudi bure."

Toka siku hiyo walikuwa wawili wa kumkumbusha. "Bembea, Nusu!" mmoja alisema, na mwenzake akaitikia, "Bembea, mama, bembea!" Na Nusu akabembea. Waliijua bembea tangu utoto, kamba mbili na ubao, unakwenda huku unarudi huku. Basi mwili wake wote ulikwenda kulia, ukarudi wote kushoto, kiuno mbele, kichwa nyuma. Wao wakapiga makofi. Uwanjani, mipira ikazidi kuharibika. Mara fimbo ilichimba udongo, mara ilipita hewani, mpira ukabaki umekaa. Jioni moja Nusu aliegemeza fimbo ukutani, chini ya ile blauzi isiyo na mikono, na asubuhi aliondoka bila kuichukua.

Mama Nusu aliitazama fimbo ile siku nzima. Alikijua kituo hicho. Wameshafika katikati.

Aliyewatoa hapo ni Kofia mwenyewe, naye hakuja kwa ajili yao. Alikuja Jumapili na suruali ya kuongezwa kiunoni. Begani alikuwa na mfuko wake mrefu wa vifaa vya wanaoanza, vijiti, wavu, kioo na kila kitu, mfuko mpana kama godoro lililokunjwa. Mlango wa Mama Nusu ulikuwa umevimba kwa mvua za miaka; ulifunguka mpaka katikati, ukakwama sakafuni. Watu wa nyumba ile walishazoea kuingia kiubavu. Kofia aliingia, mfuko ukagoma. Akauacha barazani.

"Huu haulali uwanjani," alisema akijifuta jasho. "Wageni wa asubuhi wanakuja mapema, sharti uwe kwa yule anayewapokea. Nikipata msaidizi atalala nao yeye. Mgongo wangu umekula chumvi nyingi."

Nusu alikuwa uani anaanua nguo. Mama, kwa hofu ya kumwona mtoto anaacha, alisema asiyopanga kusema: "Mwalimu, mtazame kidogo. Anabembea vizuri, sijui mpira unamwonea kwa nini."

Nusu alichukua fimbo kwa shingo upande. Akajipanga kwenye bomba za pazia, akabana taulo, akabembea, huku, kule.

Kofia aliketi kwenye ndoo. Kwanza walidhani anaumwa. Kumbe anacheka, kimyakimya, mabega yakitetemeka, mpaka akavua kofia ajifute macho. Hivyo ndivyo Mama Nusu na binti yake walivyokuwa watu wa kwanza mtaani kukiona kipara cha Kofia.

"Kosa langu," alisema alipopata pumzi. "Neno langu hilo. Nimesema bembea, nawe umebembea. Mimi nilimaanisha fimbo. Fimbo ndiyo inayobembea, binti yangu. Wewe unazunguka."

Akainuka, akachukua stuli ya Mama Nusu, akaiweka ubavuni mwa Nusu, karibu na nyonga ya kulia. "Ukirudisha fimbo nyuma, usiiguse stuli hii. Ukiigusa, umehama." Nusu akajaribu, stuli ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Kofia akatazama huku na huku, akaona mlango wa uani.

"Njoo. Usukume. Unakwenda, unarudi, si ndiyo? Sasa tazama bawaba. Imehama?"

"Haijahama."

"Mlango haubembei. Mlango unazunguka, na nguvu yote iko pale pasipokwenda popote. Uti wako wa mgongo ndiyo bawaba." Akageukia ule wa mbele, uliokwama. "Ila msijifunze kwa ule. Ule unaishia katikati."

Nusu hakucheka. Alisimama anausukuma mlango wa uani polepole, unakwenda, unarudi, macho kwenye bawaba, hata baada ya mwalimu kuondoka na suruali yake. Usiku huo stuli ilianguka mara nyingi, kisha ikaacha kuanguka.

Mama Nusu aliona matunda ya jambo hilo asubuhi moja alipopeleka uwanjani mapazia aliyoyashona. Nyasi zilikuwa bado na umande, na ukimya wa mahali pale ulimfanya atembee kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Mbali kidogo, peke yake, alimwona binti yake mbele ya mpira. Nusu aligeuka. Hakuna kilichohama. Kichwa kilibaki, miguu ilibaki, kifua kikazunguka taratibu na fimbo ikapanda nyuma yake kama inavutwa na mtu mwingine. Ikafika juu. Hapo, katikati ya jambo, Mama Nusu alifumba macho kwa mazoea.

Alisikia mlio mmoja mdogo, mkavu, kama uzi mgumu ukikatwa kwa meno.

Alipofumbua, mpira haukuwapo. Aliutafuta kwenye nyasi, akautafuta mbele. Kisha akainua uso akauona juu, mweupe, umetulia angani kana kwamba umeambiwa usubiri. Hakujua kitu kizito kinaweza kukaa juu namna ile. Mikono yake ilisahau mapazia, yakamporomoka miguuni. Na Nusu alikuwa bado amesimama mwishoni mwa mzunguko wake, kifua kimeelekea ulikokwenda mpira, fimbo imelala juu ya bega. Amemaliza. Mwili ule aliouzaa, aliouogesha, aliouonea huruma, ulikuwa umeanza jambo na kulifikisha mwisho, tena kwa uzuri ambao yeye mama hakuwa nao na hakujua ulitoka wapi. Aliogopa kumwita. Aliokota mapazia akaondoka kimya, na njia nzima alijiona mdogo, na udogo huo ulikuwa mtamu.

Lakini kupiga mpira ni kitu kimoja, na kumfundisha mtu kupiga ni kingine. Mtihani wa leo ulikuwa huo: kila mmoja angepewa mgeni asiyewahi kushika fimbo. Nusu, ambaye hata salamu huitoa kwa mkato! Mama Nusu alijaribu kumwona akimwambia mtu mzima abane taulo kwapani, akashindwa. Akaona stoo. Akaona fimbo ikirudishwa. Akayaona magunia ya Mjomba, yamepangwa mpaka darini.

Hatua zikaja. Zilikuwa nzito kuliko za Nusu, na zilisimama barazani. Kitu kikaburuzwa. Mlango ukasukumwa, ukaja, ukafika katikati, ukakwama.

"Mama."

"Ee, mwanangu." Sauti ilimtoka ndogo. "Ingia basi, unanyeshewa."

"Mvua iliacha zamani, mama. Hauingii."

"Nini hauingii?"

Nje palikuwa na kuhema tu, kisha kitu kama kicheko kilichobanwa. Mama Nusu aliinuka, akapapasa gizani, akapiga goti kwenye stuli. Katika upenyo wa mlango vidole vyake viligusa turubai nene, mkanda wa begani, na ncha za vijiti vya rangi vimejitokeza juu.

Hakuuliza tena. Alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, akaweka miguu, akavuta. Ulilia sakafuni, ukachimba mstari kwenye saruji, ukapita katikati, ukaendelea kuzunguka mpaka ukagonga ukuta.