Muhuri wa Marehemu

Siku ya nne baada ya mazishi, marehemu alijibu barua.

Mwalimu aliiona kwa macho yake. Alikuwa ameingia kwenye chumba cha kazi cha mumewe kufuta vumbi, maana wageni wa msiba walikuwa wamepungua na mikono yake ilitaka shughuli. Kompyuta ilikuwa inawaka, kama ilivyowaka miaka yote. Kwenye kioo chake palikuwa na swali la mtu asiyemjua, lililofika asubuhi ile, na chini yake jibu lililotoka saa kumi jioni kwa jina la mumewe: "Nimeipata. Nikipata nafasi nitaitazama. Mwenye haraka na ajaribu mwenyewe."

Ilikuwa sauti yake tupu, pamoja na ule ukali wake wa kujifanya. Mwalimu aliinama mbele ya kioo, kitambaa mkononi, akalisoma jibu mara tatu.

Baadaye alielewa. Mumewe alikuwa ameipangia mashine ijibu yenyewe, tena ichelewe saa kadhaa, ili watu wasijue kwamba wanajibiwa na mashine. Ndivyo utani wake ulivyokuwa. Lakini kuelewa ni jambo moja na kutoogopa ni jingine. Mwalimu hakuizima kompyuta ile. Aliufunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mwenzake afanye kazi.

Watu walimwita mumewe Fundi, na jina lilimtosha. Alianza na taipureta. Alizunguka ofisi hadi ofisi na bisibisi mfukoni, akinyoosha vyuma vya herufi vilivyopinda. Taipureta zilipokufa akahamia mashine za fotokopi, na fotokopi zilipoanza kuwa na akili akahamia kompyuta. "Mashine zinabadilisha majina tu," alikuwa akisema, "vumbi ni lilelile." Mwalimu, aliyefundisha hisabati sekondari kwa miaka thelathini na moja, hakuwahi kumruhusu mtu aseme mumewe hakusoma. "Hakukaa darasani," alikuwa akimrekebisha msemaji. "Hilo ni jambo jingine."

Alipokaribia miaka hamsini, Fundi alikutana na mifumo huria. Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, unaoamka kabla ya kitu kingine chochote. Mingine huuzwa na ina wenyewe. Huu wa Fundi haukuwa na mwenyewe. Uliandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, kila mmoja akitunza kipande chake. Kila baada ya muda vipande vyote vilikusanywa, vikajaribiwa, vikatolewa pamoja kama toleo jipya, bure kwa yeyote. Kipande cha Fundi kilikuwa kidogo: programu ya kuziwezesha printa za zamani, zile za utepe zinazolia kama cherehani, zielewane na kompyuta za leo. Makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kuzisahau printa hizo. Watu wa zahanati, shule na maghala hawakuwa na nafasi ya kusahau, kwa sababu ndizo walizokuwa nazo.

Ili kipande kikubaliwe, mtunzaji wake lazima akipige muhuri. Huo si muhuri wa mpira. Ni ufunguo wa siri ulio ndani ya kompyuta, unaofunguliwa kwa maneno anayoyajua mwenyewe peke yake. Na hupewi ufunguo huo mpaka wenzako wawili wakuone ana kwa ana, washike kitambulisho chako, waseme: ndiye huyu. Mmoja wa waliomshuhudia Fundi alikuwa mfamasia, mtu wa maneno machache, aliyetunza kipande chake baada ya saa za kazi. Walikutana mara moja tu, mkutanoni, na tangu hapo Mfamasia alimwita Mzee na kumtumia salamu kila mwanzo wa mwezi.

Wiki mbili kabla ya kufa, akiwa kitandani hospitali, Fundi alimtajia mkewe yale maneno ya siri. Yalikuwa saba.

"Nikiondoka, waandikie," alisema. "Waambie wafute ufunguo. Usiuache wazi."

"Usiseme hivyo."

"Mwalimu, nimekuagiza kitu kimoja tu maisha yangu yote."

Uongo mtupu, maana alikuwa amemwagiza vitu elfu moja, na wote wawili wakacheka. Ndicho kicheko chao cha mwisho.

Hakuwaandikia. Alisema atafanya wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine. Ukweli ni kwamba kulikuwa na orodha. Katika orodha ya watunzaji jina la mumewe lilisimama kati ya mamia ya majina, wima, safi. Kaburini nako jina lilikuwepo, lakini kule liliandikwa na tarehe mbili. Kwenye orodha halikuwa na tarehe yoyote.

Ikawa desturi yake kubeba kikombe cha chai kila jioni na kwenda kusoma barua. Habari Fundi. Ahsante Fundi, printa yetu imefufuka. Saa kumi ilipofika, kama kulikuwa na swali jipya, jibu lilitoka lenyewe, naye akalisubiri huku amekaa pembeni ya meza, si kwenye kiti cha mumewe.

Dada wa marehemu, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka pale, alimkuta siku moja.

"Wifi, siku hizi unakunywa chai na kompyuta?"

"Nasoma barua."

"Za nani?"

"Za kaka yako."

Wifi akavuta kigoda, akaketi. "Kaka yangu yuko chini ya udongo. Na wewe na hisabati zako zote unamfanyia ukarani?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Huwa anasema nini?"

"Anasema mwenye haraka ajaribu mwenyewe."

"Ndiye," alisema wifi, akajifunika uso kwa khanga.

Miezi kumi ikapita hivyo, ndipo habari za toleo jipya zikaanza kuja. Ulikuwa mwaka wa mageuzi. Mfumo ulikuwa unaziaga kompyuta kongwe kabisa, na sehemu za ndani zilikuwa zinaandikwa upya kwa lugha ngeni inayozuia makosa yaliyosumbua watu miaka mingi. Kila mtunzaji aliambiwa arekebishe kipande chake kabla ya mwisho wa mwezi. Kitakachobaki nyuma kitaondolewa, na jina la mtunzaji wake litaondoka nacho.

Mwalimu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama.

Kulikuwa na mtu aliyejiita Msaidizi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Alianza kumwandikia Fundi hata kabla ya ugonjwa, kwa adabu nyingi. Sasa aliandika tena: "Fundi, najua una mambo mengi. Nimekuandalia kiraka. Piga muhuri tu." Kiraka kilikuwa mistari arobaini hivi ya marekebisho. Mwalimu aliisoma yote, akaelewa nusu. Akaiingiza kwenye mashine, na mashine ikaijaribu, ikasema majaribio yote yamefaulu.

Alichofanya baada ya hapo kingefanywa na mwalimu tu. Shuleni, mkuu anaposafiri, msaidizi wake hutia saini ripoti za wanafunzi kwa niaba. Mwalimu alikuwa msaidizi wa mkuu kwa miaka tisa. Alitia saini ripoti zisizo na idadi kwa niaba, na mzazi hakuwahi kulalamika. Basi akaketi kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza, akaandika yale maneno saba kwa niaba ya mumewe. Muhuri ukapigwa. "Ahsante Fundi!" Msaidizi akajibu papo hapo.

Jina lilibaki kwenye orodha. Lakini tangu siku ile Mwalimu hakuweza kuingia chumbani mle bila kubisha hodi kwanza. Alibisha kweli, kwa kidole kimoja, na kila mara alijiona mjinga, na kila mara alirudia.

Wiki mbili baadaye simu ililia.

"Shikamoo mama. Naitwa..., mimi yule mfamasia wa Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nimsikie Mzee dakika moja tu. Toleo hili tumekubaliana kila mtunzaji asikike kwa sauti yake. Si unajua kile kisa? Mtu asiyejulikana kwa sura alijifanya msaidizi mwema miaka zaidi ya miwili, akamzoea mtunzaji aliyechoka, kisha akapenyeza mlango wa wizi ndani ya programu. Sasa tunaogopa hata vivuli vyetu."

Mwalimu aliutazama mlango wa chumba cha kazi.

"Ametoka," alisema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu." Katika yote aliyoyasema siku hiyo, hilo peke yake halikuwa uongo.

"Basi Jumamosi nitakuwa huko kwenu kuchukua dawa. Nitapita nimsalimie."

Ijumaa usiku Mwalimu alimweleza wifi yake kila kitu. Hayakumzuia wifi kulala, ila asubuhi alifika mapema. "Mwambie amekufa juzi," alisema akimenya viazi. "Nani atakwenda kufukua? Kaka yangu aliishi bila doa. Usije wewe ukamtia doa akiwa hawezi kujitetea."

Mfamasia alikuja na miwani mizito na begi la karatasi. Aliingia, akasalimia, akaiona picha ya ukutani ikiwa na utepe mweusi kwenye kona. Akaweka begi chini.

"Mama."

"Kaa, mwanangu."

Alikaa. Alifuta miwani kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akatoa fomu, maana hata huzuni ina karatasi zake, akaeleza akikitazama kikombe. "Inataka tarehe. Kama Mzee alifariki baada ya kile kiraka cha mwisho, nafunga ufunguo kimyakimya, jina lake linahamia kwenye orodha ya waliotangulia. Kwa heshima zote. Kama alifariki kabla..."

"Kama kabla?"

"Basi kuna aliyetumia mkono wa marehemu. Itaandikwa hivyo mbele ya jina lake, kwenye daftari la wazi, na haifutiki."

"Amefariki mwezi huu huu," wifi alisema kutoka mlangoni. "Andika."

Mfamasia hakuandika. Alingoja. Mwalimu aliona kwamba anajua, au anahisi, na kwamba akiambiwa mwezi huu ataandika mwezi huu, atakunywa chai yake, na hatauliza tena kamwe.

"Na kiraka chenyewe," Mwalimu aliuliza, "ukifunga kimyakimya, nani atakisoma?"

"Hakuna, mama. Kina muhuri wa Mzee. Kitu chenye muhuri wa Mzee hakisomwi mara mbili."

Hapo ndipo alipobanwa. Miaka kumi na mbili mumewe alikuwa amelijenga jina lile mpaka likawa zito kiasi cha watu kutofungua kilicho chini yake. Na chini yake yeye alikuwa ameweka mistari arobaini ya mtu asiye na sura, mistari aliyoielewa nusu. Sasa ingeingia katika kila zahanati.

"Andika tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu," alisema. "Mwaka jana."

"Mama, kiraka kilipigwa muhuri wiki tatu zilizopita."

"Nilikipiga mimi."

Kisu kililia kwenye sufuria. "Umemzika mara ya pili!" wifi alisema, na mlango wa nje ukabamizwa.

Mfamasia aliandika kwa herufi kubwa. Kisha akaomba aonyeshwe mashine, azime kinachojiendesha. Alipolifikia lile jibu la saa kumi alilisoma kwa sauti. "Mwenye haraka na ajaribu mwenyewe. Kumbe nimejibiwa hivi mara sita!" Akacheka peke yake, mabega yakitikisika, na kicheko kilipokwisha mabega yakaendelea.

Watu watatu walikisoma kiraka kwa siku nne, na toleo likasubiri. Hawakukuta ubaya wowote. Msaidizi hakujibu barua walizomwandikia, na hakuandika tena. Toleo likatoka. Kwenye daftari la wazi, mbele ya jina la Fundi, pakaandikwa: Ufunguo umefutwa. Ulitumika baada ya kifo cha mwenyewe.

Mwalimu alimpigia Mfamasia. "Ongezeni kwamba ni mkewe. Anayesoma atadhani mume wangu ndiye mwenye hila."

"Daftari linajua funguo tu, mama. Halijui watu."

"Basi wajue."

Alimwandikia mratibu wa toleo barua ya ukurasa mmoja, kwa lugha aliyofundishia miaka thelathini na moja, bila kujitetea hata kwa mstari. Alisema agizo alilopewa ni lipi, nani hakulitimiza, na nani alipiga muhuri. Jibu lilikuja kwa upole mkavu: barua yake itaambatanishwa chini ya ule mstari, ila hawamjui, na hakuna aliyemshuhudia kuwa ndiye. Atume kwanza picha ya cheti cha kifo.

Bahasha yenye cheti ilikuwa kabatini chini ya mashuka, gundi bado imeshika. Siku aliyoipokea dirishani kwa msajili hakuifungua, wala siku nyingine yoyote.

Wifi alikuja siku hiyo bila kuitwa, akiwa bado amenuna. Aliona cheti kimefunguliwa mezani. Alisogeza pazia mwanga uingie, akashika pembe mbili za karatasi zisijikunje.

Mwalimu alivaa miwani ahakikishe kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye daftari. Akalisoma kwa sauti, majina yote matatu, polepole, jinsi alivyozoea kusoma mahudhurio darasani. Alipofika mwisho akangoja, kalamu mkononi, kama mwalimu anavyongoja mwanafunzi aitikie.

Wifi yake alimtazama.

"Hayupo," alisema wifi.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akachukua simu, akapiga picha.