Chai Isiyochunwa

Kama hutaki kuniamini, usiniamini. Hapa Sosiot wako wengi wasioniamini, na bado nikiwabeba kwa boda yangu wananiambia, "Plangat, hebu rudia ile stori." Mimi niliacha shule fom two. Sikufukuzwa, tulikosana tu na Kemia. Kwa hivyo wewe uliyesoma ukasoma tena uko huru kucheka. Lakini chai unayoijua wewe ni ile ya kufika kiunoni, imekatwa kichwa ikawa kama meza. Mimi nimeona chai iliyopita paa la nyumba yetu, imetoa maua meupe, na watu wazima na akili zao wakizunguka mbali ili wasikanyage kivuli chake. Kataa basi, nikuone.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, chai hiyo ilikuwa mwisho wa shamba letu, chini kabisa, karibu na mto. Mistari minne. Usidhani ilikuwa ya aina nyingine. Chai ni mti kama mti mwingine, tunaionea tu kwa kuichuna kila wiki. Ukiiacha inapanda juu kama inayokimbia. Hiyo mistari minne iliachwa kabla sijazaliwa, na nyumbani haikuwa na jina. Tulisema "Kule." Usipeleke ng'ombe Kule. Mpira ukiingia Kule, huo si wako tena.

Kogo, nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyeweka sheria. Jani moja la Kule likichanganyika kwenye kikapu chako, alisema, umebeba ile njia mgongoni, unaipeleka nyumbani na kwa kila mtu utakayekutana naye kwenye foleni ya kupima majani. "Ile njia." Ndivyo walivyokiita kile kitu. Kugo, mume wake, babu yangu, alikuwa ameifuata ile njia Kule. Alijiua. Hata hilo hakuna aliyeniambia, niliokota neno hapa neno pale, kama kuku.

Nakumbuka dada yangu mdogo alipozaliwa. Kwetu Wakipsigis mtoto huletewa jina na wafu wake. Kina mama wazee wanakaa naye, wanataja majina ya waliotangulia moja moja, wanamsogezea ugoro puani, na jina litakalotajwa akapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Mimi nilikuwa dirishani nikichungulia, si unajua tabia yangu. Walimwita kila mtu wa ukoo. Walimwita hata mzee mmoja aliyesifika kwa kuiba mbuzi. Kugo hawakumwita.

Baadaye nikauliza, "Kogo, na Kugo je? Mbona mmemruka?"

Alinipiga na mwiko, mwiko wenyewe ukiwa na ugali. "Ile njia ina masikio," akasema. "Ukiitaja inakuja kuuliza ni nani ameniita."

Basi sote tukanyamaza, nyumba nzima, miaka na miaka. Na sasa nikikumbuka mwaka ule Angko Weldon aliporudi nyumbani, huo unyamavu ndio hunifanya nitake kupiga kitu teke.

Weldon ni kitinda mimba wa Kogo. Alikuwa mchunaji kwenye mashamba makubwa ya kampuni, na mikono yake ilikuwa na mwendo hadi wenzake walikataa kuwekwa mstari mmoja naye. Kisha zikaja mashine za kuchuna, na mikono yake ikawa haina kazi. Akarudi na godoro, gambuti na redio. Mwezi wa kwanza alitusimulia vituko, tukacheka. Mwezi wa pili akaacha kwenda madukani kutazama mpira. Wa tatu akawa halali. Ukitoka kukojoa asubuhi na mapema unamkuta ameketi kwenye ngazi, hata hajageuza shingo. Chakula anasukumasukuma kwenye sahani.

Siku moja akamwambia mama, akiwa anamsaidia kuosha vikombe, "Shemeji, karibuni nitawapunguzia mzigo."

Mama alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi uso. Akamwongezea chai.

Baba alimwambia, "Jikaze bwana. Wewe si mwanamume?" Mzee wa kanisa akaja na kumwombea dhidi ya roho ya uvivu. Uvivu! Mtu ambaye kikapu chake kilikuwa kinajaa wengine wakitafuta mahali pa kukojoa! Kisha Weldon akaanza kugawa vitu. Gambuti akampa baba. Redio akanipa mimi, mimi mtoto, akanionyesha na jinsi ya kukaza waya wa betri. Nilitembea nayo barabarani imening'inia shingoni kama mbunge na koti lake. Kila mtu aliiona. Kila mtu aliuliza, "Weldon amekupa? Bure?" Kisha wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, wakaendelea na safari zao.

Walijua. Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Baba alijua, nilimsikia akimnong'oneza mama kwamba chifu akisikia itakuwa kesi, kwa sababu siku hizo mtu aliyejaribu kujiua akapona aliweza kupelekwa kortini. Hebu fikiria akili hiyo: mtu anataka kufa, wewe unamtishia na seli. Kwa hivyo wote walimchunga kwa macho na kumkimbia kwa mdomo. Neno lenyewe ndilo waliloogopa, kana kwamba neno ndilo litakalomshika mkono limpeleke Kule, na yeye alikuwa anajiendea mwenyewe, bila neno, kila jioni akisogea karibu kidogo.

Jumamosi moja mchana, Kiprotich wa jirani akanichokoza mbele ya wenzangu. "Wewe ni kelele tu, kama hiyo redio yako. Ukiwa dume tuletee ua la Kule."

Nikamwambia, "Nitakuletea na mti."

Mvua ilikuwa imetoka kupiga. Nikashuka na shamba, nikapenya kati ya ile mistari. Ndani kulikuwa na giza la kijani, na maji yakidondoka shingoni. Na hapo katikati ameketi Angko Weldon, amevaa koti lake la Jumapili, amenyoa ndevu. Mtu ambaye hakuwa amenyoa miezi miwili.

Sasa sikiliza. Mimi, kwa mdomo huu unaouona, nikamwuliza: "Angko, unataka kujiua?"

Hivyo tu, neno lenyewe, mahali penyewe. Mti haukuanguka. Ile njia haikuja kuuliza nani ameniita. Weldon aliinua kichwa, akanitazama kama mtu aliyeamshwa, kisha akalia. Akasema, "Ndiyo." Akasema tangu arudi hakuna aliyemwuliza, na kwamba mdomo wake ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa nje, hauwezi kufunguliwa na aliye ndani. Nikaketi naye kwenye matope mpaka akachoka kulia. Nikamshika mkono, tukapanda nyumbani.

Jioni hiyo hiyo baba akaazima pikapu ya jirani, wakampeleka hospitali Kericho. Daktari, mama mmoja mfupi, alimwuliza swali lile lile, kwa sauti ile unayomwuliza mtu kama ana homa. Baba karibu aanguke kutoka kwenye benchi. Tena daktari akaendelea: tangu lini, umepanga vipi, ni nani nyumbani anaweza kukaa nawe. Weldon akajibu yote. Baba alituambia baadaye kwamba alimsikia mdogo wake akisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

Alirudi na dawa, na karatasi ya siku za kwenda kuongea na mshauri. Vitu vya hatari vyote vya pale nyumbani vikahamishiwa kwa jirani. Baba akalala kwenye sakafu ya chumba cha Weldon wiki sita, akilalamika mgongo, lakini akalala. Usidhani ilikuwa kama sinema. Kuna mwezi Weldon alirudi nyuma tukaanza upya. Lakini leo Weldon ana ng'ombe watatu na mke anayemshinda maneno, na bado kuna asubuhi anatoka nje na kusema, "Leo ni siku mbaya." Basi tunajua. Mmoja wetu anabaki naye, hata kama ni kushika kamba ya ndama tu.

Hiyo ndiyo stori yangu, na nimeisimulia pale stejini, tunapongojea abiria, mara nyingi kuliko pasta na Mwana Mpotevu. Weldon mwenyewe akipita na maziwa husimama na kusikiliza. Wakati mmoja alisema tu, "Endelea, Plangat. Unasimulia vizuri."

Wiki mbili zilizopita tulizika kijana wa hapa karibu. Haraka haraka, bila nyimbo nyingi. Ukiuliza alikuwa na nini, unaambiwa "tumbo." Tumbo! Hasira ilinipanda pale pale, na siku ya soko nikaisimulia stori yangu kwa sauti ya kuuza miwa. Nikawaambia wasee wa boda kwamba sisi tunazika watu kwa sababu ya woga, na kwamba mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja nikafanya kile wazee wazima walishindwa.

Mama Shiko, anayeuza mitumba ng'ambo ya steji, alikuwa amesimama na suruali mkononi. Alingoja mpaka mwisho.

"Na kama mtu anaogopa kuuliza?" akasema.

"Kuogopa nini, Mama Shiko? Kama mtoto aliweza?"

Wasee wakacheka. Yeye akaikunja ile suruali mara mbili, mara tatu, akarudi kwenye kibanda chake.

Nilipeleka abiria wawili ndipo ikaniingia. Mdogo wake Mama Shiko, yule fundi wa simu, alirudi kutoka Nakuru baada ya Pasaka, na tangu hapo sijamwona nje ya ploti wanayokaa. Nikageuza pikipiki. Nikaketi kwenye marobota yake ya nguo, nikamwambia kile ambacho sijamwambia mtu. Na wewe, kwa kuwa umefika hapa, chukua.

Sikuuliza.

Niliona lile koti la Jumapili, nikaona uso wake umenyolewa, nikajua. Weldon akasema, "Plangat, rudi nyumbani." Nami nikakimbia. Nilipoteza kiatu. Nikapita mbele ya kina Kiprotich kama siwaoni, nikaingia jikoni, mama akaniwekea ugali na maziwa, nikaketi mbele yake. Mimi, ambaye walikuwa wananifukuza kwenye sufuria, nikashindwa kumeza. Na sikusema kitu. Sijui ni dakika ngapi. Angko yuko Kule, na mimi nimeketi nikitazama ugali unapoa, kwa sababu ile njia ina masikio.

Kogo ndiye aliyeniona. "Umeona nini?"

Nikaukodolea ugali macho. Akanishika kidevu. "Mimi ndiye niliyekukataza. Sasa ni mimi ninakwambia, sema."

"Angko yuko Kule."

Hakuvaa hata viatu. Alikuwa na goti bovu, kwenda choo tu ilikuwa safari, lakini lile shamba alilishuka akishikilia vichwa vya chai kushoto na kulia. Nilimfuata kwa mbali, baba akatukuta njiani. Alimzuia baba kwa mkono, akaingia peke yake, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mume wake atolewe pale. Nilisikia sauti yake, haikutetemeka.

"Weldon, mwanangu. Unataka kujiua?"

Hilo ndilo swali nimekuwa nikiliuza kama langu. Na kuketi kwenye matope, na kushika mkono, yote ni yake. Mimi katika stori yangu nimemwachia mwiko tu.

Weldon akalia. Kisha Kogo akasema tena, polepole, "Baba yako aliketi hapa hapa. Asubuhi ile nilimtazama nikajua, nikampa chai. Sikumwuliza." Na akalitaja jina la Kugo: Kipkemoi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa nimewahi kulisikia. Alilitaja mara nyingi, kama wanavyofanya wakingoja mtoto apige chafya.

Kogo alifariki kabla sijapata steji ya kusimulia, kwa hivyo hakuwahi kusikia nilivyomwibia. Miaka yote nimewakasirikia wazee kwa kunyamaza, na mmoja wao ndiye aliyevunja sheria aliyoitunga mwenyewe, huku shujaa wa kijiji amekodolea ugali macho. Nilikimbia, ndiyo. Kitu pekee ninachoweza kujidai ni kwamba niliposhikwa kidevu, nilisema yuko wapi.

Mama Shiko hakunicheka. Alikuwa akiupitisha mkono juu ya nguo zake kama anayetafuta tundu.

"Na alimwuliza hivyo hivyo?" akasema. "Kwa neno lenyewe, bila kulizunguka?"

"Bila kulizunguka."

"Na kijana hakukasirika?"

"Alisema ndiyo."

Ilikuwa saa nane, soko limejaa. Akaanza kuteremsha nguo kutoka kwenye kamba, akafunga kibanda. "Utanipeleka," akasema. "Na utangoja mlangoni. Nikishindwa kulisema, utaingia tuliseme wote."