Goti Zima la Kaka Deo

Desemba za utoto wangu zilinuka maganda ya kahawa yaliyooza nyuma ya nyumba, na mwaka ule ikaongezeka harufu ya dawa ya kuchua ya Bwana Henriki. Alikuwa mzungu wa mradi wa ng'ombe wa maziwa, amepanga nyumba yetu ya mbele pale Kibosho. Kila jioni alijipaka dawa ile miguuni mpaka macho yetu yakawasha, kisha akashuka uwanja wa parokia kufanya mazoezi na vijana. Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko mtupu. Aliyeshambulia kwenda juu alihema kama ng'ombe mgonjwa, na mpira ukitoka upande wa chini uliingia kwenye kahawa za watu, mkaufuate huku mnatukanwa. Bwana Henriki aliupenda uwanja ule kupita kiasi. Lakini mpira, jamani, hakuujua hata kidogo! Mguu wake ukienda huku, mpira unaenda kule, na yeye anaanguka katikati.

Nani angemwambia? Kwetu mgeni hasemwi. "Umecheza vizuri sana, Bwana Henriki," vijana walimwambia, kisha wakajificha nyuma ya sanamu ya Bikira Maria wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba yangu, mwenyekiti wa timu, ndiye aliyezidi wote. Alijivunia mzungu wake kuliko alivyojivunia sisi, na kwenye kilabu cha pombe, kata ya mbege ikiwa mkononi, aliwaambia wenzake, "Aisee, mgeni wangu ana mguu wa hatari." Bwana Henriki, ambaye Kiswahili chake kilitoka darasani, aliamini kila neno. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la tano, na tayari nilikuwa nakereka.

Mwenye mguu wa hatari alikuwa kaka yangu Deo, winga wa kushoto. Alikuwa amemaliza la saba na jina lake halikutoka kwenye waliochaguliwa kwenda sekondari. Kwa desturi yetu kaka mkubwa alishatafutiwa shamba lake, na kihamba cha nyumbani, migomba na kahawa pamoja, kingebaki kwa kitinda mimba. Deo alikuwa wa katikati. Wa katikati anajitafutia. Mama alikuwa amebeba mikungu ya ndizi mpaka soko la Kiboriloni, akarudi na njumu za mitumba zilizombana Deo vidole, na Deo akazipaka mafuta ya ng'ombe zikalainika. Hakuwa na kitu kingine duniani ila hizo njumu na mguu wenyewe.

Mwaka ule, watu walipopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani, alikuja pia Mzee Klemensi, mjumbe wa kamati ya timu ya kiwanda kimoja. Habari za Deo alizisikia tangu mjini. Alimwambia Baba waziwazi: atakuja kutazama fainali ya kugombea mbuzi, sisi na vijana wa Majengo, na huyo winga akimridhisha ataondoka naye, acheze timu ya kiwanda na apewe kazi humo humo kiwandani. Loo, nyumba yetu ilivyochangamka! Deo alikuwa akiamka na kupanda mlima mbio kabla hata Mama hajawasha moto. Beki wa kulia wa Majengo, kijana anaitwa Shabani, hatukuwa na wasiwasi naye. Deo alishamwacha chini mara nyingi mpaka watoto wakamtungia utani.

Jioni ya kuamkia fainali Bwana Henriki alikula kwetu. Mama alipika machalari, ndizi na nyama ya mbavu. Mzungu alikula, akafuta ndevu, akasema mkataba wake unaisha Januari, na kabla hajaondoka angependa kuanza fainali moja tu, winga ya kushoto. Nisimsingizie, maana aliuliza mwenyewe, "Lakini Deo anacheza pale?" Baba hakungoja hata amalize tonge. "Deo anaumwa goti," alisema. "Nafasi ni yako."

Deo aliinuka akaenda zizini. Nilikuwa nyuma yake na majani ya ng'ombe, na Baba akatukuta huko. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema kwa upole kabisa, "Nitamwambiaje hapana mtu aliyeko mezani kwangu? Ni mechi moja tu. Na kesho uchechemee, asije akajua nimemdanganya."

"Na Mzee Klemensi je, Baba?"

"Mzee Klemensi ni mtu wa hapa. Ataelewa."

Kesho yake watu walijaa mpaka kwenye kuta za kanisa. Deo alikuja uwanjani akichechemea, amefungwa khanga ya Mama gotini, na alichechemea vizuri, maana alikuwa mtoto mtiifu. Bwana Henriki akaingia na jezi namba kumi na moja. Sitaki kusimulia mengi. Shabani alimnyang'anya mpira kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Alimnyang'anya akiwa amesimama, akiwa anatembea, mara nyingine akiwa anacheka, na kila mara watu wa Majengo walipiga vigelegele. Wakati wa mapumziko Mwalimu Aloisi, kocha wetu, alimfuata Baba karibu machozi yamtoke: "Mzee, niruhusu nimtoe." Baba akatikisa kichwa. "Mgeni wangu hatolewi uwanjani mbele ya watu." Tukafungwa, mbuzi akashuka Majengo akilia njia nzima.

Mechi ilipokwisha Mzee Klemensi alikuja akamtazama Deo kuanzia juu mpaka chini. Bwana Henriki alikuwa amemkumbatia Deo begani, ametapakaa jasho na furaha, anamwambia, "Pole sana, goti." Mzee Klemensi akamgeukia Baba. "Kumbe mnanificha? Kiwandani sipeleki mtoto mwenye goti bovu." Nikamtazama Baba. Nilingoja aseme. Ilikuwa sentensi moja tu! Baba akainama akafunga kamba ya kiatu.

Asubuhi Deo alikwenda kwa Mzee Klemensi, nami nikamfuata. Alimwamkia shikamoo, akaeleza yote, kisha akaanza kukimbia uani, kwenda na kurudi, akiruka, akichuchumaa, kuku wanatawanyika. Yule mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. "Jana unachechemea, leo umepona? Umri mnadanganya, na magoti pia mnadanganya! Nenda nyumbani, kijana." Krismasi ilipopita aliondoka na Shabani. Alisema hajawahi kuona beki aliyemzima winga namna ile.

Siku hizi uwanja wa parokia umesawazishwa kwa greda na una magoli ya chuma, na vijana wanacheza na jezi za timu za Ulaya. Deo akawa mpagazi, anabebea wageni mizigo mlimani, na nyumba yake ni ya kupanga, kwenye shamba la mtu. Shabani alistaafu kiwandani na amejenga. Baba tulimzika kihambani, na watu walisema mengi mazuri juu ya ukarimu wake.

Mwaka juzi Bwana Henriki alirudi kututembelea, mzee wa mvi, na picha za fainali ile ndani ya bahasha. Akatuambia kwamba katika maisha yake yote hakuna siku aliyoipenda kama ile. Nilimpikia mimi. Alipokuwa anakula alimtazama Deo kwa huruma, huruma ya kweli, akamuuliza, "Goti lako je? Lilipona?"

"Lilipona," alisema Deo.

Nikaweka upawa chini. Nilitaka kumwambia yote, kuanzia zizini, tena mbele ya wanangu. Deo aliniona mdomo unafunguka.

"Mama Neema," aliniambia kwa upole kabisa, "mwongezee mgeni mchuzi."

Nikamwongezea. Mzungu sina kinyongo naye, hakujua. Baba nimejaribu kumsamehe, na kila nikienda kupalilia kaburi lake narudi nyumbani sijaweza.