Uwanja wa Ngoma Usio na Choo

Wanangu wananiambia, mama, umezeeka sasa, samehe. Nimesamehe mengi. Nimemsamehe aliyeniuzia ng'ombe tasa, na mwenye lori aliyetushusha Makanya juani na mizigo yetu akasema gari limechoka. Lakini kamati ya uwanja wa ngoma sijaisamehe. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu, ila kwa hili mimi na wao bado hatujamalizana.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila kijiji kina kikundi chake cha ngoma au kwaya, na kila mwaka baada ya mavuno vikundi vya milimani vinateremka tambarare kushindana. Watu wa Gonja, sisi wa Mamba, na wengine wa huko juu, tunakaa kambini siku kadhaa karibu na reli, chini ya Same, tunalala kwenye vibanda vya mabua. Mashindano yakiisha vibanda vinachomwa moto, mwaka ujao tunajenga upya. Ndipo wakubwa wakasema upuuzi huu uishe, tufanye mpango wa kudumu, tujenge uwanja na kambi ambavyo hata wajukuu zetu watavikuta. Wazo hilo nililisifu, na hata leo nalisifu. Wazo halikuwa na kosa lolote.

Kamati ikaundwa, na kwa kuwa maagizo yalitaka pawe na mwanamke, nikateuliwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nimeolewa Mamba, na nina mdomo. Nadhani habari za ualimu walizisikia, za mdomo hawakuambiwa.

Kikao cha kwanza tulitundikiwa ramani ukutani, imechorwa kwenye karatasi ya manila kwa penseli za rangi. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Jukwaa la wageni la saruji, lenye paa. Mlingoti wa bendera. Ghala. Mabanda ya kulala ya bati, jiko kubwa, tangi la maji. Nyuma ya jukwaa, choo cha wageni na viongozi, chenye mlango na kitasa. Nikaitazama ile karatasi juu chini, kulia kushoto, kisha nikauliza vikundi vitajisaidia wapi. Mchoraji akanijibu kwa upole kabisa kwamba eneo ni kubwa, mazingira yanaruhusu. Nikauliza, na wanawake? Wanawake, akasema, wako awamu ya pili, na akanionyesha kwa rula mahali penyewe, mkono wa kushoto wa jukwaa, kijisanduku kidogo kisichopakwa rangi. Nikauliza awamu ya pili ni lini. Mwenyekiti akasema ni baada ya awamu ya kwanza.

Sasa mtu aliyefika Same wakati wa kiangazi ajiambie mwenyewe hayo mazingira yanaruhusu nini. Kwetu mlimani ukitoka mlango wa nyuma umeingia kwenye migomba, hakuna atakayekuona hata akikutafuta. Kule chini migunga imepukutika yote, imebaki miiba. Mtu akichutama, abiria wa treni wanamwona, na yeye anawaona wakimwona. Nikayasema hayo kikaoni, kwa maneno ya heshima, nikitafuta tafsida mpaka nikachoka. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndugu mjumbe, tusiingize mambo ya jikoni kwenye mpango wa maendeleo." Choo na jikoni, wapi na wapi? Wenzangu wakaandika kwamba hoja imepokelewa, wakaenda ajenda ya mlingoti, na hapo kwenye urefu wa mlingoti wakabishana mpaka chai ikapoa.

Msimu ule ule tukateremka, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Aliyekuwa akiongoza kikundi chetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Sauti ya wifi yangu sina namna ya kuieleza. Akiwa ng'ambo ya bonde anapalilia huku anaimba, watu wa huku walikuwa wanasimamisha majembe wamsikilize. Alikuwa na mtoto mchanga, wa kike, ndiyo kwanza anaanza kukaa kwa kuegemezwa. Mama mkwe hakutaka ateremke naye, lakini kikundi bila wifi kilikuwa kundi la watu wanaopiga kelele tu, hilo kila mtu alilijua, hata mama mkwe. Akamruhusu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wanawake wa kambi ile walikuwa wanaamka kabla hapajapambazuka, wanakwenda pamoja mpaka kwenye korongo lililo mbali, wanarudi. Hapo basi, mpaka giza liingie tena. Na mtu ambaye hana pa kwenda mchana kutwa anafanya nini? Hanywi maji. Hakuna aliyewaambia wasinywe, walijua wenyewe, kila mmoja na akili yake, kutoka Gonja hadi Mamba. Jua lile la tambarare, vumbi, makande makavu, kucheza na kuimba, na mwanamke analowesha midomo tu.

Nikampelekea wifi kata ya maji. Akageuza uso. Nikamwambia una mtoto wewe, kunywa. Akanitazama, akasema, "Wifi, nikinywa nitakwenda wapi?"

Nikaondoka na kata yangu imejaa, na mimi ndiye mjumbe wa kamati. Kesho yake maziwa yakakata. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena, mpaka ikafika mahali analia bila sauti. Wifi akaimba hivyo hivyo, maana walikuwa wameshaitwa uwanjani, na mtoto nimembeba mimi kando. Utosi wake ulikuwa umedidimia. Wakati watu wanashangilia, mimi nilikuwa nakimbia naye zahanati. Muuguzi alimnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, hata mtoto akarudiwa na macho yake. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini maziwa ya mama yake hayakurudi kama zamani, akalelewa kwa uji mwepesi, na muda mrefu alikuwa mdogo kuliko wenzake.

Mama mkwe hakugomba. Alisema tu kwamba kule chini kuna macho mabaya, watu wa Gonja wameonea wivu sauti ya mwanawe wakamkausha maziwa, na kwamba binti yake hateremki tena kwenye ngoma, iwe mwaka huo iwe mwingine. Wifi hakubisha. Akaacha kuimba. Si ngomani tu, hata shambani, hata akitwanga. Nilikuwa napita kwake namkuta anapepeta mahindi kimya, na kimya kile kilinikera kuliko matusi.

Basi kamati ikakaa kutathmini. Nilikwenda nimejiandaa. Mwenyekiti akasoma taarifa, na taarifa ikasema, nakumbuka kama jana, kwamba imebainika akina mama wa milimani hawana desturi ya kunywa maji, jambo lililosababisha baadhi yao kuzidiwa na joto. Mapendekezo: tangi la maji lijengwe kubwa zaidi, na akina mama waelimishwe umuhimu wa kunywa maji. Waelimishwe! Na mwelimishaji niwe mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa kisomo.

Jamani, mtu unaweza kufa kwa hasira, nimeamini. Nikawa nimefungua mdomo niseme, mwenyekiti akaniashiria nisubiri kidogo. Akatoka. Tulikuwa tunakutana kwenye chumba chenye dirisha, na nje palikuwa na ua wa minyaa. Tukamwona wote anaelekea pale, anasimama, anatupa mgongo. Akarudi ametulia, akavuta kiti, akasema tuendelee.

Nikamuuliza, "Ndugu Mwenyekiti, umetoka wapi?"

Akasema hilo si swali la kikao. Nikamwambia ndilo swali la kikao, na kikao hakina ajenda nyingine, kwa sababu yeye amekunywa chai vikombe viwili na ametembea hatua chache tu hadi kwenye minyaa, na wifi yangu kakosa kata moja ya maji mtoto wake akataka kufa. Nikauliza kama wangependa niende mimi sasa pale kwenye minyaa, wote wakiwa dirishani. Wakaangalia meza. Mmoja akasema dada yetu ana uchungu, tumwelewe. Halafu wakapitisha tangi.

Na tangi lilijengwa, tena la mawe, zuri. Unajua nani aliyeyabeba mawe hayo? Kwetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, asiyekuja analipa faini. Pembe ikalia, tukabeba mawe na mchanga kutoka korongoni, korongo lile lile tulilokuwa tukijifichia. Wanaume walichanganya saruji. Sisi ndio tuliobeba, kichwani, na maji ya kuchanganyia tukabeba sisi.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimechoka hata mbavu zinauma, nikakaa jikoni kwa mama mkwe. Akaniuliza tumekwenda kufanya nini. Nikamwambia tumejenga tangi ili wanawake wanywe maji. Akashangaa, akasema kwani walikuwa hawanywi? Hapo ndipo nikatambua kwamba mama huyu hajui. Wifi hakuwahi kumwambia. Mambo ya choo binti hamwambii mama yake hivi hivi, na mimi nami nilikuwa nimeona aibu kumweleza mkwe. Mwaka mzima anapambana na macho mabaya ya watu wa Gonja, maskini, na watu wa Gonja nao walikuwa wanakaukiwa vile vile.

Nikaweka aibu chini, nikamweleza yote, toka ramani mpaka minyaa. Alikuwa anasonga ugali, akauacha.

"Kwa hiyo si macho," akasema. "Ni shimo tu?"

Nikamwambia, "Ni shimo tu, mama."

Ugali ukaungua, hakuna aliyejali. Halafu akasema nimwambie wifi yangu ateremke mwaka huu akaimbe. Ila ashuke na jembe.

Tulipanga wanawake kwa wanawake. Gonja wakapata habari, wakasema na wao wamo. Kamati iliambiwa kwamba Mamba mwaka huu wanaleta ngoma mpya, na mwenyekiti alifurahi, maana mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa kutoka mkoani.

Zamu yetu ilipofika wifi aliingia mbele, mtoto kamwachia bibi yake, jembe begani. Nyuma yake wanawake wote, wenye majembe, wenye sururu, wengine na karai. Wakazunguka uwanja kwa wimbo wa msaragambo, wa Kipare, ule wa kulimia mfereji, na sauti ya wifi ikapaa, ile ile, haikupungua hata chembe. Mimi nililia. Wageni jukwaani wakaanza kupiga makofi. Miaka ile kila ngoma ilikuwa na majembe, watu wanaigiza kulima, wanainama, wanainuka, jembe haligusi hata ardhi. Wakadhani ni hiyo.

Wakaimba wakielekea mkono wa kushoto wa jukwaa, pale kwenye kijisanduku kisichopakwa rangi. Ramani nilikuwa naijua kwa moyo, tulipima kwa kamba. Wifi akapiga jembe la kwanza, wenzake wakaitikia, na udongo ukatoka kweli. Makofi yakazidi. Nikamsikia mgeni rasmi akimwambia jirani yake kwamba hawa ndio wananchi walioelewa siasa ya kilimo, na majaji wakaandika maksi. Ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria. Waliochoka wakapokewa na wa Gonja, waliorukia kutoka kwenye kundi lao bila kuitwa.

Filimbi ya kumaliza muda ikapulizwa. Wakaendelea. Ikapulizwa tena. Shimo lilikuwa limefika magotini. Makofi yakapungua, yakawa ya mmoja mmoja. Mwenyekiti akanijia mbio, jasho linamtoka, akasema niwaambie watu wangu muda wao umekwisha. Nikamwambia awaambie yeye, watu si wangu. Hakwenda.

Aliyekwenda ni mgeni rasmi mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mpole, akashuka jukwaani na fimbo yake, akasimama kwenye ukingo. Wanawake wakamwamkia shikamoo bila kuacha kuchimba. Akaitikia marahaba, akawapongeza, akauliza ngoma hii nzuri inaitwaje.

Wifi alikuwa ndani ya shimo, kanga imejaa udongo. Akajinyoosha, akajifuta uso.

"Si ngoma, baba," akasema. "Ni choo chetu. Mwaka jana mwanangu alitaka kufa kwa kukosa shimo hili."

Mzee yule akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza kama ni kweli. Mwenyekiti akasema, kwa sauti ndogo, kwamba suala hilo limo kwenye mpango. Wifi alinyoosha mkono kwangu. Nikachota maji kwenye tangi lile la mawe, nikampa kata, akanywa pale pale mchana kweupe, mbele ya wageni wote, taratibu, akamaliza. Kisha akaniambia nimchotee nyingine.