Siku Mtakatifu Yosefu Alipopandishwa Kilima kwa Mukwa

Mwisho wa haya yote ni wa sifa, nawaambia mapema msije mkanihurumia bure, lakini aibu ndiyo iliyotangulia, na sifichi: nililala kifudifudi kwenye tope la njia ya kanisa letu, nikiwa na suti ya kijivu niliyonunua Italia, mbele ya wanakijiji wote, padre, koplo wa polisi na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyevuka bahari na jangwa kuja kutuona, na mgongoni nilikuwa nimelaliwa na machela ya mbao niliyoichonga kwa mikono yangu mwenyewe kwa muda wa miezi miwili. Yote hayo yaliletwa na neno moja nililolisema nikiwa nimeshiba chai.

Mimi ni seremala wa huku Tetu, si mbali na soko la Giakanja. Miaka michache baada ya uhuru mapadre walinitafutia nafasi ya kwenda kujifunza kuchonga katika mji mdogo wa Italia uitwao Roccadura, nikakaa mwaka mmoja, na niliporudi kijiji kizima kilijua habari za Roccadura kuliko habari za Nairobi, kwa sababu sikunyamaza. Niliwaambia mji wenyewe umekaa juu ya mwamba, nyumba za mawe zimebanana, ukuta umezunguka na lango ni moja, na njia zake ni ngazi tupu kiasi kwamba hata punda hupumzika mara tatu kabla ya kufika kwenye mnara wa kengele. Niliwaambia wanapika ugali (laini kidogo, lakini ni ugali, nisibishiwe) na kuumwaga juu ya ubao katikati ya meza, kila mtu ale kutoka upande wake. Niliwaambia nilivyomuuliza Mzee Osvaldo, fundi aliyenifundisha, kwa nini watu wajenge huko juu na maji yako chini kabisa bondeni, naye akasema zamani bonde lilikuwa na homa na ndilo lililokuwa njia ya majeshi, kila mwenye mkuki alipita hapo, basi watu wakapanda na mawe yao wakafunga lango. Mzee alishangaa jinsi nilivyomwelewa upesi. (Hakujua kwamba kwetu pia watu wameishi kwenye migongo ya vilima tangu zamani, na mito iko chini, na kila mtungi wa maji lazima upande.)

Ila kitu nilichokipenda kusimulia kuliko vyote ni sikukuu yao. Siku ya mtakatifu wao wanaume wanane humtoa kwenye kanisa dogo lililo chini kisimani na kumpandisha mabegani, kwa machela ya miti miwili mirefu, ngazi baada ya ngazi, bila kumweka chini hata mara moja, mpaka juu kabisa. Nafasi ya bega moja kwenye ile miti hurithiwa, baba humwachia mwana, na upande wa juu wa mji na upande wa chini wamegombana juu ya nafasi hizo tangu enzi za mababu zao. Mkuu wa wabebaji alikuwa huyo huyo Mzee Osvaldo. Nilimwomba nafasi mara nyingi, akakataa kila mara, na siku yenyewe nikasimama juu uwanjani na akina mama na watoto, nikawaona wabebaji wakiwa wamekwisha kupanda, wanashuka kidogo tu kuingia mlango wa kanisa kubwa. Huo ndio ukweli. Kwetu sikuusimulia hivyo.

Sasa ikaja barua kwamba Mzee Osvaldo amemchonga Mtakatifu Yosefu, naye atamleta mwenyewe awe zawadi kwa watu wa mwanafunzi wake. Padre Ngatia, aliyekuwa akiangalia makanisa yetu yote mpaka kule Endarasha, alituita tukanywa chai kwake, akasema kwa upole kwamba sikukuu ya Yosefu ni Machi, mvua itakuwa imeanza, lori haliwezi kupanda kilima chetu, na kanisa la Endarasha liko kando ya barabara mahali tambarare, kwa hiyo sanamu ingefaa iende huko. Watu wakatazama vikombe vyao. Kanisa letu lilikuwa halina hata picha ukutani, tulikuwa tumelijenga kwa mawe tuliyoyatoa mtoni wenyewe, na kila mtu pale alikuwa ameshaanza kumwona Yosefu amesimama kwenye kona yake.

Hapo ndipo nikafungua mdomo. "Padre, Roccadura hakuna lori inafika juu. Mtakatifu anapandishwa na mabega. Mimi nilibeba, na najua vile inafanywa."

"Ulibeba wewe mwenyewe?" Padre akauliza.

Maitu, mama yangu, alikuwa ameketi karibu na mlango, akageuka kunitazama. Ningeweza kusema niliona. "Nilibeba," nikasema.

"Haya. Basi siku hiyo ikifika saa sita kama Yosefu hajafika juu, lori inageuka, inampeleka Endarasha. Watu wa huko pia wananingojea."

Tangu siku hiyo nikawa mkubwa. Nilitengeneza machela kwa mti wa muiri, na wanaoujua muiri wameshaanza kucheka, kwa sababu ule mti ni mzito hata ukiwa mkavu na wangu ulikuwa bado na maji. Nikachonga zabibu kwenye miguu yake na malaika wanne kwenye pembe, nikapaka rangi. Nikachagua wanaume saba, mimi wa nane. Warefu nikawaweka mbele, na wa kwanza kabisa Koplo Wekesa, mtu wa magharibi aliyehamishiwa kituo chetu, mrefu hadi anainama kwenye kila mlango, maana nilikumbuka vizuri kwamba kule Roccadura warefu walikuwa mbele. Mimi, kwa urefu wangu mnaoujua, nikawa nyuma.

Siku ikafika. Lori likafika sokoni saa tatu asubuhi, njia imelowa na tope jekundu limeiva vizuri. Mzee Osvaldo akashuka na kofia yake nyeusi, akanikumbatia, kisha akaizunguka machela, akagusa malaika mmoja, akainua pembe moja kidogo, akaiweka chini. Akanitazama, halafu akamtazama Wekesa.

"Warefu mbele?" akaniuliza kwa Kiitaliano.

"Mbele," nikajibu, tena kwa sauti ya mwalimu.

Akavua kofia, akaishika kifuani. (Mzee wa heshima namna hiyo anaweza kukuua kwa adabu.)

Tukamfunga Yosefu wima kwa kamba, tukainua, tukavuka daraja la mtoni watu wakiimba, na mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa kwa sababu mahali pale ni tambarare. Kisha tukaanza kupanda. Mtu yeyote aliyewahi kupandisha kabati kwenye mteremko anajua uzito huenda wapi, nami nimepandisha makabati mengi maishani, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa Roccadura. Wa mbele walikuwa juu zaidi na tena ni warefu, nyuma tulikuwa chini na tena ni wafupi, na machela yote, pamoja na muiri na malaika na Yosefu, ikatushukia sisi wanne wa nyuma. Bega langu likaanza kulia.

Wekesa akageuza kichwa kwa furaha. "Fundi, hii kitu ni nyepesi sana. Wacha tukimbie kidogo."

Nami sikuweza kumjibu kwa sababu pumzi ilikuwa imeisha. Akakimbia. Mguu wangu ukateleza, wa jirani yangu ukaufuata, mti wa kushoto ukakatika pale pale nilipoutoboa tundu la kupitishia mzabibu wangu wa mapambo, na nikajikuta chini, mdomo umejaa udongo wa kwetu. Yosefu aliinama lakini hakuanguka, maana akina mama waliokuwa wakifuata na vikapu vya chakula walivitupa vikapu wakamdaka.

Wakaniondolea machela mgongoni. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha kuliko kicheko. Padre Ngatia akatazama saa. "Saa tano na robo, Nderitu." Huko chini tukasikia dereva anawasha lori ili aligeuze. Mzee Osvaldo akaniinamia, akasema polepole kwamba wakati wa kupanda warefu hukaa nyuma, na huhamishiwa mbele huko uwanjani, kabla ya kuteremka kwenye mlango wa kanisa. Alidhani nimesahau tu. Nikamwambia ndiyo, nimesahau. Hata nikiwa na tope machoni niliongeza uwongo mwingine.

Niliona kazi imekwisha. Mti umevunjika, wanaume wangu wameshika viuno, kona tano bado ziko mbele yetu, na Yosefu anakwenda Endarasha kwa sababu yangu. Nilitamani lile tope lifunguke linimeze.

Maitu akaja, akamzunguka Yosefu, akampima kwa mikono namna anavyopima mzigo msituni. "Nderitu, hii kitanda yako ndio iko na uzito. Huyu mtu mwenyewe hata hafiki mzigo ya kuni." Akafungua kikapu, akatoa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu huupitisha juu ya paji la uso wakibeba kuni, na hata leo sijui kwa nini mtu aende na mukwa kwenye sikukuu, ila sikumbuki kumwona maitu akiondoka nyumbani bila huo. "Fungua hizo kamba."

"Mama Nderitu," Padre akasema, "huyo ni mtakatifu. Hawezi kubebwa kama kuni."

"Padre, hata wewe ulibebwa kwa mgongo na mama yako, na hukupungua kitu."

Padre akasogea kando. Wakamfunika Yosefu kwa blanketi ili asichubuke, wakamlaza mgongoni mwa maitu uso ukitazama mawingu, maitu akainama, akaweka mukwa sawa kwenye paji lake, pale ambapo mukwa umechimba alama tangu ujana wake, akaondoka. Bila viatu. Hakuteleza hata mara moja, kwa sababu hakupanda moja kwa moja kama sisi wenye haraka, alipanda kwa kukata upande, mguu huu kwenye nyasi, ule kwenye mzizi. Kona ya pili akampokea Wangui mke wa katekista, kona ya tatu mwingine, kona ya nne mwingine. Hawa ndio wanawake waliochimba handaki kuzunguka kijiji wakati wa hali ya hatari, kwa amri ya mkoloni, na ndio waliopandisha mawe ya hilo kanisa kutoka mtoni huku sisi wanaume tukijadiliana ramani. Mimi, kwa mwaka mzima, nilikuwa nawafundisha jinsi watu wa milimani wanavyobeba vitu.

Tulipofika juu sisi wanaume, tukihema, tuliwakuta wameketi kwenye ukuta wa kanisa wananyoosha miguu, na Yosefu amesimama mlangoni amefunuliwa uso. Hata saa sita ilikuwa bado. Maitu alipotuona akaanza ngemi, vile vigelegele vya kwetu, na wenzake wakaitikia, wakapiga tano, hesabu ya mtoto wa kiume akizaliwa, na mwangwi wake ukavuka mto ukaenda kilima cha pili, na huko nako watu wakajibu. Nawaambieni nililia, nikajipangusa kwa tai. Huko chini lori likaondoka tupu.

Baada ya misa Mzee Osvaldo akaomba kusema, na mtafsiri, bila shaka, alikuwa mimi. Alishukuru chakula, alishukuru mvua, nikatafsiri. Akasema kwao vijana wamekwenda viwandani mijini, milango mingi imefungwa, na mwaka uliopita mtakatifu alipandishwa na trekta kwa njia ya nyuma, nikatafsiri, watu wakasikitika kweli. Kisha akaniwekea mkono begani na kusema maneno marefu, nami nikahisi masikio yanaungua. Nikawaambia watu, "Anasema amefurahi sana."

Maitu akasimama. "Nderitu, huyo mzee ameongea maneno mingi na wewe umeleta tatu. Ile ingine iko wapi?"

Kanisa lote lilikuwa linanitazama, na hakuna mtu mwingine aliyejua Kiitaliano. Ningeweza kuokoka. Lakini nilimwona maitu, na ule mstari mwekundu kwenye paji lake, nikashindwa.

"Anasema," nikaanza, "kwao mimi sikuwahi kushika mti wa machela. Nilimwomba, akanikataa kila siku, kwa sababu baba yangu si mtu wa Roccadura. Anasema leo amepanda kilima chetu akimfuata mama yangu, na hakuna aliyemuuliza baba yake ni wa wapi." Nikamgeukia Mzee. "Anasema alikosea, na anaomba msamaha mbele yenu."

Wekesa ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, kisha kanisa likapasuka, hata Padre akageukia altare mabega yakimtikisika. Maitu hakucheka. Alitembea mpaka kwa Mzee Osvaldo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwambie amesamehewa. Na wewe tutaongea nyumbani."

Tuliongea nyumbani, na hayo siwasimulii. Tangu siku hiyo kitu nilichokitazama tu nasema nilikitazama. Yosefu yuko kwenye kona yake, na kila Machi akina mama humteremsha mpaka mtoni na kumpandisha tena kwa mukwa, na Mzee Osvaldo aliandika kwamba kule kwao wanawake walisomewa barua niliyomwandikia kuhusu siku hiyo, na mwaka uliofuata wanne kati yao walishika ile miti, upande wa juu na upande wa chini wakiwa pamoja, trekta likabaki bandani. Mimi hupewa na akina mama wetu viatu vyao. Jozi nne, kutoka mtoni mpaka mlangoni, nazibeba mimi mwenyewe, na yeyote asiyeamini aje aone.