Msiba Nilioutoa Kitabuni

Mie nikishika riwaya situlii, naisoma huku nazunguka nyumba nzima. Juzi hapa Mbagala nilifika pale kijana ninayempenda kitabuni anapozama baharini. Nikaangua kilio. Jirani yangu, Mama Zuhura, akaingia mbio.

"Kafa," nikamwambia. "Kafa jamani."

Mume wangu Seif anapakua mizigo bandarini Kurasini, kazi ya hatari, hivyo Mama Zuhura hakuuliza nani. Akapiga ukunga. Muda si mrefu uani kumetandikwa mikeka, wanawake wamejitanda kanga. Kila nikifungua mdomo nieleze, nakumbatiwa: "Usiseme kitu, mwanangu. Lia tu."

Nikalia kweli, kwa aibu. Lakini moyo ulikuwa bado kule baharini. Nikaomba kwenda chooni, kitabu nimekificha ndani ya kanga. Kufunua ukurasa tu, kijana kaopolewa, anapumua.

"Kumbe mzima!" nikapayuka, nikatoka nacheka.

Seif, aliyekuja mbio baada ya Mama Zuhura kupiga simu bandarini kuulizia maiti yake, kasimama katikati ya mikeka ya msiba wake mwenyewe. Mama Zuhura akakitazama kitabu mkononi mwangu.

"Kwani nani alikufa?"

"Hakuna," nikasema. "Hata huyu wa kitabuni kapona."